Kiti cha Waliorudi

Sogeza kiti karibu na dirisha, ukae, nikueleze jambo ambalo watu wengi huliona gumu bure. Kanuni za serikali kuhusu safari za kikazi ni nyepesi ukizichukua polepole. Ukitumwa, unapewa fedha kabla ya kuondoka: za nauli, za kulala, za kula. Fedha hizo huitwa masurufu. Hazijawa zako bado. Umeazimwa, pamoja na njia yenyewe. Ukirudi, unaleta risiti, unaleta karatasi yenye muhuri wa kijiji ulikofika, unaeleza ulivyotumia. Huko ndiko kurejesha masurufu. Ukirejesha, safari imefungwa. Usiporejesha, safari iko wazi, na kwa macho ya serikali wewe bado uko njiani, hata kama umelala kwako mtaani Mwanga unakoroma.

Hapo vijana ninaowafundisha kazi hucheka, nami nawaacha wacheke. Kisha nawasimulia habari za mama aliyenifundisha mimi. Alikuwa mhasibu wa safari katika halmashauri yetu, na ofisi nzima tulimwita Mama Mhasibu, kana kwamba wahasibu wengine hawakuwapo. Miaka yote niliyofanya naye kazi, isipokuwa ule wa kwanza, alikuwa anamsubiri mtu mmoja aje akae mbele yake amwambie, "Nimerudi." Tulijua wote ni nani. Tulijua pia kwamba hawezi kuja.

Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, chumba chembamba chenye dirisha lililoonyesha kipande cha ziwa baina ya mapaa ya mabati. Kulikuwa na meza, kabati, birika la chai ya mchaichai, na viti viwili. Kimoja chake. Cha pili kilikuwa cha mbao, kimesukwa kwa kamba za plastiki, kimelegea katikati. Kiti hicho kilikuwa na mlio wake. Ukikaa, kilishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Ukiingia na shida nyingine yoyote, hata ungekuwa mkuu wa idara, ungesimama. "Hicho cha waliorudi," angekuambia, bila kuinua macho.

Na ukirudi safari, karatasi zako hazikuguswa kwanza. Ulikaa, kiti kikashusha pumzi, yeye akaweka kalamu chini.

"Umerudi?"

"Nimerudi, Mama."

"Ulilala wapi? Kwa nani? Walikupikia nini? Nani alikusindikiza hadi kwenye boti?"

Wageni walidhani anatafuta uongo wao. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, nikawa nakariri majibu njiani. Siku moja nikamuuliza kama ndivyo anavyowakamata wenye risiti za kughushi. Akacheka. "Mwongo ana risiti nzuri kuliko mkweli," akasema. "Risiti nitazitazama baadaye. Kwanza namtazama mtu."

Hakuna kilichomkera kama kutumiwa karatasi. Nakumbuka mwaka mmoja wa baadaye bwana shamba wetu alimtuma dereva na bahasha.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, Mama. Amechoka."

"Amechoka, au amebaki?"

"Ah, Mama! Tumekuja naye, nimemshusha mwenyewe mlangoni kwake."

"Umemshusha wewe. Mimi sijamwona. Mwambie aje na hiyo miguu yake iliyochoka."

Bwana shamba akaja akiwa na kandambili, ananung'unika kwa Kiha. Mama akamsalimu kwa Kiha hicho hicho, akammiminia chai, akamuuliza habari za muhogo wa huko alikotoka hadi yule bwana akasahau kwamba alikuja kugombana.

Usimdhanie mkali. Sikuwahi kumwona akimkemea mtu kwa kukosea karatasi. Mwaka wangu wa kwanza, nikiwa afisa maendeleo ya jamii mgeni kabisa, nilikosea marejesho yangu mara nyingi hadi nikaona haya kuingia mle. Alizipanga upya nami, ukurasa kwa ukurasa. "Kosea hapa kwangu, mwanangu," aliniambia. "Usikosee kwa mkaguzi." Kila ninapofundisha leo natumia maneno hayo, na nakuhimiza nawe uyatumie.

Lakini alikuwa mtu wa ajabu. Aliidhinisha safari za ziwani za ofisi nzima, naye hakuwahi kupanda hata mtumbwi. Alikwenda ufukweni Katonga kununua samaki aina ya migebuka, akasimama mbali maji yasimfikie viatu, na aliwataka wauzaji wakate vichwa kabisa kabla ya kumfungia. Mama mmoja muuza samaki alimtania: "Mama Mhasibu, kichwa ndicho kitamu! Unakiogopa?"

"Sitaki kutazamwa nikiwa nakula," akajibu, na wote wakacheka, yeye pia. Ila hakukichukua kichwa.

Sasa nikueleze kosa lenyewe, maana ni kosa ambalo sisi watu wa ofisi peke yetu ndio tunaoweza kulifanya.

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa mwishoni mwa Juni. Safari zilizo wazi siku hizo ni usumbufu kwa kila mtu. Hesabu hazifungiki, simu zinapigwa kutoka juu. Ndipo likazuka zoea, na si kwetu tu, la kurejesha kabla ya kwenda. Mtu anatengeneza marejesho yake mapema, anapata muhuri wa kijiji kwa mtendaji aliyekuja mjini, anakabidhi, safari inafungwa kwenye karatasi. Halafu anakwenda. Ukimuuliza, atakuambia si wizi, kwa sababu kweli anakwenda, kweli analala huko. Na ni kweli. Ndiyo maana zoea hilo lilikuwa rahisi.

Bwana samaki wetu, afisa uvuvi, alikuwa na safari ya vijiji vya kusini mwa ziwa wiki hiyo ya mwisho. Nilikuwa nimesimama mlangoni alipoingia na karatasi zake zote zimekamilika. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwenye mabuti ya mpira aliyoyavaa hata mjini. Akakaa kwenye kile kiti, kikashusha pumzi.

"Mama, nifungie kabisa. Nikirudi mwaka utakuwa umeshafungwa, tutasumbuana."

"Mbona hujaenda?"

"Naenda kesho asubuhi. Boti ninayo, abiria wenzangu ninao. Wewe nihesabu nimerudi."

Mama Mhasibu akacheka. Akauliza, kwa mzaha, maswali yale yale: umelala wapi, umekula nini. Bwana samaki akajibu kwa mzaha vilevile, akataja samaki kuhe wa kuchoma na blanketi lenye viroboto. Muhuri ukagongwa. Akainuka, akapiga saluti, akatoka, mabuti yakilia koridoni.

Boti yao ilikutana na upepo wa kusini. Baadhi ya abiria waliokolewa na wavuvi. Walisema bwana samaki alikuwa nyuma, akikumba maji ya botini kwa sufuria, akiwaambia akina mama washike ubao. Hakuonekana tena, wala mwili wake.

Tulilia, tukaketi msibani Kasingirima kwa mkewe, tukarudi kazini. Na hapo ndipo dada wa usafi alipoanza kulalamika.

"Mama, mwambie mgeni wako akung'ute miguu."

"Mgeni gani?"

"Huyu anayekaa hapa kabla hamjafika. Kila asubuhi natoa mchanga chini ya kiti."

"Ni vumbi tu la barabarani, dada."

"Vumbi? Mimi nimezaliwa Katonga, Mama. Mchanga wa ziwani siwezi kuufananisha na vumbi."

Niliutazama mwenyewe. Ulikuwa mchanga mnene, mweupe, wenye chembe za magamba, nao ulikuwa na unyevu. Ofisi yetu iko mlimani. Chumba kilifungwa kwa ufunguo, na ufunguo alikaa nao Mama Mhasibu, aliyemfungulia dada kila asubuhi. Alianza tu kufika mapema kuliko sisi, akakikuta kiti, akakifuta kamba zake kwa kitambaa, kama mtu anavyomfuta mgonjwa. Wakati mwingine tukiwa tunapanga hesabu naye, kiti kilishusha pumzi. Hakukuwa na aliyekaa. Yeye aliendelea kujumlisha.

Kumbuka kanuni niliyokueleza mwanzoni, maana hapa ndipo inapouma. Mtumishi akifia safarini kikazi, amefia kazini. Familia yake ina haki zake, na jina lake lina heshima yake. Mkewe bwana samaki alipeleka maombi. Majibu yaliyomrudia yalikuwa mafupi: kumbukumbu zinaonyesha kwamba mtumishi huyo alikuwa amekwisha kurudi kutoka safari ya kikazi. Kwa hiyo, alipozama, alikuwa kwenye mambo yake binafsi.

Alikuja na barua ile mkononi. Mama Mhasibu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akamwonyesha kile kiti mtu ambaye hakutoka safari. Mjane hakukaa. Akasimama katikati ya chumba, kanga ya msiba begani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi si msomi wa mambo haya. Nimeandikiwa kwamba mume wangu alisharudi." Sauti yake haikupanda. "Kama alirudi, Mama, nionyeshe alipo."

Mama Mhasibu alikuwa anakitazama kiti. Nami nikakitazama, na sitakuambia niliona mtu, maana sikuona. Nilichoona ni kamba zile za katikati, zilizolegea siku zote, zimebonyea zaidi, na tone moja la maji likishuka mguu wa kiti hadi sakafuni.

Akainuka, akavaa mtandio wake vizuri, akamwambia mjane, "Nisubiri." Akaenda kwa mkurugenzi. Mlango ulikuwa wazi, korido nzima ilisikia.

"Nilimrudisha mtu kabla hajaondoka," alisema. "Nataka kuufuta muhuri wangu, na niandike kwa nini."

"Mama, kaa kwanza. Haya mambo kila mtu anayafanya. Ukiandika hivyo utaulizwa wewe."

"Ndiyo, niulizwe."

"Umebakiza muda mfupi ustaafu. Fikiria."

"Nimefikiria. Yuko pale ofisini kwangu hana pa kwenda."

Mkurugenzi alidhani anamsema mjane.

Aliulizwa kweli. Walimshusha cheo, na mamlaka ya kugonga muhuri wakampa kijana mmoja aliyetoka chuoni. Mama akabaki kupokea karatasi na kuzipanga. Lakini safari ya bwana samaki ilifunguliwa upya, ikaandikwa kwamba alizama akiwa kazini, na mjane akapewa alichostahili. Jina lake lilisomwa siku ya wafanyakazi, watu wamesimama. Mtoto wake mkubwa ni nesi leo.

Mchanga ukakoma siku ileile muhuri ulipofutwa. Dada wa usafi alileta ufagio kuonyesha: safi.

Na habari za ziwani zikaanza.

Wa kwanza kuleta alikuwa nahodha wa Ujiji, mzee wa ukoo uliovuka zamani kutoka Kongo, aliyekuja ofisini kudai malipo ya boti yake. Alizungumza kwa sauti ya chini, kofia mkononi. "Mama, ule bwana yenu ya samaki, iko anapanda kwangu. Anakaa nyuma kabisa. Hasemi kitu. Nikifika bandarini naangalia, hayuko."

"Anashukia wapi?"

"Hashuki, Mama. Ndiyo nakwambia. Hashuki."

Baadaye watendaji wa vijiji vya kusini walisema hivyo hivyo, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja alisikia mabuti ya mpira kwenye kokoto nje ya ofisi yake, akatoka, akakuta nyayo zenye maji zinazokwenda kijiji cha mbele. Mwingine alisema wakaushaji dagaa waliulizwa kama nyavu zao ni za matundu yanayoruhusiwa, wakajibu, kisha wakatazamana, maana aliyeuliza hawakumwona.

Kijana wa muhuri alitania: "Mama, huyu bwana posho yake ya kujikimu itakuwa kubwa kuliko bajeti!" Tulicheka kwa woga. Mama Mhasibu alimtazama kwa upole tu.

Mimi nilimuuliza tukiwa wawili, "Mama, humwogopi?"

"Nimwogope kwa nini? Ni mtumishi." Akanimiminia chai. "Sikiliza, mwanangu, uelewe. Nilimrudisha kwa karatasi naye hajarudi. Ndiyo maana akawa anakaa hapa, hawezi kwenda kwake wala hawezi kwenda mbele. Nilipoufuta muhuri nikamrudisha njiani. Aliye njiani hufika. Kazi yangu ni kuwapo atakapofika."

Kuanzia hapo ndipo kanuni zake za kumtazama mtu, na maswali yake ya ulilala wapi, vilipokuwa sheria isiyovunjwa. Zamani alikuwa anavifanya kama mazungumzo.

Siku ya kumuaga kustaafu tulimchangia sanduku la safari. Akashukuru, akasema yeye hasafiri, tumpe mwingine. Akaomba kile kiti. Mtunza stoo akashangaa: "Mama, wenzio wanaomba jokofu, wewe unaomba kiti kibovu?" Kikaandikwa kwenye vifaa chakavu, akakilipia kidogo, akakibeba kichwani mwenyewe hadi barabarani.

Nilisikia kwamba anakwenda nacho Katonga. Sikuwahi kumfuata. Labda nilikuwa najua nitakachokikuta.

Miaka kadhaa baadaye nilipata msiba wa rafiki katika kijiji kimoja cha kusini. Nikaenda, nikazika, nikapanda boti ya mbao kurudi. Ulikuwa msimu wa kuchoma mashamba. Moshi ulikuwa umeifunika milima ya Kongo na ziwa lilitulia kama mawese yaliyopoa. Boti ilijaa magunia na watu. Akina mama wawili walikuwa wamesimama, na ubao wa mwisho nyuma ulikuwa mtupu. Nikawaambia waketi pale.

"Hapo pana mtu," nahodha akasema, akaendelea kushika usukani wake.

Hakuna aliyemuuliza. Nikatazama mbele safari nzima.

Tulifika Katonga alasiri. Dagaa walikuwa wametandazwa kwenye mchanga, waanikaji wakiwageuza. Na pale karibu na maji, karibu kuliko nilivyowahi kumwona akisogea, Mama Mhasibu alikuwa ameketi juu ya kreti la soda. Mbele yake kile kiti, kinamtazama. Alikuwa amekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Kila aliyeshuka alimuuliza, na kila aliyeshuka alijibu, wachuuzi, wanafunzi, walevi, bila kusimama, kama salamu ya mahali pale.

"Umerudi?"

"Nimerudi, Mama."

"Umerudi?"

"Nimerudi, Bibi! Nipe na chai basi!"

Nikafika. Nikamwamkia. Macho yake yakachelewa kidogo kunitambua, kisha akaniita kwa cheo changu.

"Maendeleo! Umerudi?"

"Nimerudi, Mama."

"Ulilala wapi?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kisha akatazama nyuma ya bega langu, na uso wake ukatulia kabisa.

"Na mwenzako?"

"Nimekuja peke yangu, Mama."

"Sogea pembeni apite."

Nikasogea. Injini ilikuwa imezimwa. Waanikaji walikuwa wameacha kugeuza dagaa. Nyuma yangu nilisikia mabuti yaliyojaa maji yakitoka ziwani, yakikanyaga kokoto, kisha mchanga, polepole kama mtu aliyechoka sana. Yakanipita. Hewa iliyopita nayo ilikuwa baridi na yenye harufu ya magamba. Kiti kikashusha pumzi.

Mama Mhasibu akaweka mikono magotini.

"Umerudi?" akauliza.

Jibu sikulisikia. Yeye alilisikia. Nilijua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kuvuta karatasi. Akauliza amelala wapi, akasubiri. Akauliza wamempikia nini, akasubiri, halafu akacheka, kicheko kile cha siku ya mzaha, machozi yakimshuka chini ya miwani.

"Haya," akasema mwishoni. "Pumzika, baba. Nenda kwako, mkeo yupo."

Aliinuka akaniomba nimpe mkono, tukapanda pamoja hadi barabarani. Kiti tulikiacha. Nilipogeuka, viatu vyangu vikiwa tayari vimefika kwenye lami, kilikuwa kimelowa chote na chini yake maji yanachuruzika kurudi ziwani.

Hakwenda tena Katonga. Anakaa kwa binti yake Mwanga, juu ya duka la mshona nguo, na mchana analala vizuri, binti anasema, kuliko alivyowahi kulala. Juzi nilimtembelea, nikakuta anakula mgebuka mzima, na kichwa chake.

Siku hizi kuna mfumo wa kompyuta. Unaweza kurejesha masurufu kwa simu, ukiwa popote, hata kabla ya kwenda. Jifunze kuutumia, ni mzuri, na mimi nitakufundisha tukimaliza chai hii. Lakini ukishuka kutoka safari, kabla ya kuoga, kabla ya kutua mkoba, nenda kwanza kwa aliyekutuma. Kaa mbele yake akutazame. Umwambie kwa mdomo wako mwenyewe: nimerudi.